Delta ya Rufiji: Kanuni zimtangulie mtalii, si mtalii kuzitangulia kanuni

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kata ya Mbuchi, ndani ya delta ya Mto Rufiji wilayani Kibiti, mkoani Pwani, methali hiyo bado inasubiri kuthibitishwa. Wageni wenye fedha wanapita juu kwa ndege ndogo kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, au wanapita pembeni kwa boti kwenda kisiwani Mafia. Mbuchi wanausikia mngurumo wa injini tu.

Hali hiyo haitadumu. Daraja la Mbuchi, lililojengwa chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), limeanza kuiunganisha sehemu ya delta na nchi kavu, mahali ambapo kwa miaka mingi msafiri alitegemea mtumbwi na kupwa na kujaa kwa maji. Serikali nayo kwa muda mrefu imekuwa ikieleza nia ya kuupeleka utalii kusini mwa nchi, baada ya miongo mingi ya kuutegemea ukanda wa kaskazini wenye Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Wageni wote hao hawawezi kuendelea kubanana katika bonde la Ngorongoro.

Swali linalopaswa kuulizwa sasa, kabla boti ya kwanza ya watalii haijatia nanga, ni hili: wakifika delta, nani atawaambia waende wapi, wasimame umbali gani na waondoke saa ngapi? Swali hilo linaweza kuonekana dogo, lakini miongoni mwa wanyama wa maji haya wapo ambao hawana nafasi ya kustahimili kosa hata moja.

Mnyama anayehesabika

Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za misitu ya mikoko, eneo kubwa kuliko mengine yote ya namna hiyo Afrika Mashariki. Mizizi ya mikoko ndiyo kitalu cha kamba na samaki wanaowalisha wakazi wa Kibiti, Mafia, Kilwa na hata Dar es Salaam. Oktoba 2004 eneo zima la bahari la Rufiji, Mafia na Kilwa, lenye ukubwa wa hekta 596,908, liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Katika maji ya kina kifupi kati ya delta, Mafia na Kilwa ndimo yalimobaki makazi ya mwisho ya nguva nchini Tanzania. Mnyama huyu mpole hula nyasi za bahari, hupanda juu kuvuta pumzi na kisha huzama tena. Jike hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, kisha huweza kukaa miaka mitatu hadi saba kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo nguva mmoja mzima anayekufa katika jarife ni pengo la miaka mingi.

Desemba 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) liliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Makadirio yaliyotolewa ni kwamba wamebaki pungufu ya 250 walio katika umri wa kuzaa katika ukanda wote huo. Idadi hiyo haijazi hata mabasi matano ya mikoani.

Jirani wa nguva ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye wavuvi wa Kenya humwita papa shilingi kwa sababu ya madoa yake meupe yanayofanana na sarafu. Kuanzia Oktoba hadi miezi ya mwanzo ya mwaka, papa hawa hujikusanya katika maji ya Kilindoni, upande wa magharibi wa Mafia unaotazamana na delta, wakila vijikamba vidogo. Utafiti uliotumia vifaa vya kunasa sauti, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa wengi wao hawaondoki Mafia msimu unapokwisha, bali huhamia maji yenye kina zaidi wasikoonekana kwa urahisi. Mwaka 2016 papa potwe naye aliwekwa na IUCN katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka.

Mpaka usiomjua mnyama

Ukitazama ramani, delta imewekwa katikati ya hifadhi mbili zenye majina makubwa. Juu ya mto ipo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye kilomita za mraba 30,893, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019 na kukabidhiwa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Baharini ipo Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, yenye kilomita za mraba 822.

Tatizo ni kuwa wanyama hawakushirikishwa katika kuchora mipaka hiyo. Hifadhi ya Bahari ya Mafia iko upande wa kusini na mashariki ya kisiwa, wakati papa potwe wanajikusanya Kilindoni, magharibi, nje ya mpaka. Nguva nao wanategemea nyasi za bahari zilizotawanyika katika Mkondo wa Mafia na kuelekea Kilwa, maeneo ambayo kwa sehemu kubwa si hifadhi ya mtu. Kiboko na mamba wa mto hawarudi nyuma wanapofika kwenye bango la TANAPA. Huteremka na maji mpaka kwenye mashamba ya mpunga.

Matokeo yake, delta moja ina mikono mingi. Mikoko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), samaki na viumbe wa bahari wako chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi, wanyamapori walio nje ya hifadhi za taifa wanashughulikiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), na ardhi ya vijiji pamoja na leseni za biashara ni kazi ya Halmashauri ya Wilaya. Mwendesha boti anayemkimbiza nguva ili mgeni apate picha atakuwa amekosea mbele ya ofisi nne, na kwa sababu hiyo hiyo anaweza asikamatwe na hata mmoja.

Mtalii naye huua

Kwa miaka mingi wananchi wameelezwa kuwa jangili ndiye adui wa mnyama na mtalii ndiye mkombozi wake. Kauli hiyo ina ukweli mkubwa. Selous iliyokuwa na tembo wapatao 109,000 katikati ya miaka ya 1970 ilibaki na takriban 13,000 tu ilipohesabiwa mwaka 2013, na mwaka 2014 pori hilo likaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mahali penye wageni na walinzi, jangili hupata taabu kuingia.

Hata hivyo, ushahidi wa miaka ya karibuni unaonyesha kuwa mgeni asiye na mipaka naye hudhuru. Katika Masai Mara nchini Kenya, utafiti wa duma uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha majike wanaoishi kwenye maeneo yenye magari mengi ya watalii na wale wa maeneo tulivu. Katika maeneo tulivu, kila uzao ulitoa kwa wastani watoto 2.3 waliofikia umri wa kujitegemea. Kwenye msongamano wa magari wastani ulikuwa 0.2. Hakuna aliyempiga risasi duma hata mmoja. Magari tu yalimharibia mawindo, yakamzuia kula na pengine yakawavutia fisi na simba kwenye watoto wake.

Karibu zaidi na nyumbani upo mfano wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Hadi mwaka 1996 pomboo wa eneo hilo walikuwa wakiwindwa, nyama yao ikitumika kama chambo cha papa. Utalii wa kuwatazama, ulioanza mwaka 1992, ndio uliowafanya wavuvi waone kuwa pomboo hai ana thamani kuliko aliyekufa. Huo ulikuwa ushindi. Lakini watafiti waliowafuatilia pomboo hao baadaye walibaini kuwa boti za watalii zinapokuwapo, wanyama hao hupunguza muda wa kupumzika na kula, na huutumia mwingi zaidi katika kusafiri. Kwa maneno mengine, chusa kimeondoka na badala yake imekuja injini isiyowapa pumziko.

Na Julai 2025, picha za video kutoka Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, zilisambaa duniani zikiwaonyesha watalii walioshuka kwenye magari na kujipanga ukingoni mwa Mto Mara, wakiwazibia njia nyumbu waliotaka kuvuka. Kanuni inayokataza jambo hilo ilikuwapo siku nyingi. Kilichokosekana siku hiyo ni mtu wa kuisimamia, na waongoza watalii wenye ujasiri wa kumwambia mteja "hapana".

Presha ya namna hiyo inanukia pia Nyerere. Safari za ndege za siku moja kutoka Zanzibar zimekuwa maarufu: mgeni hutua asubuhi, huzungushwa na jioni hurudi ufukweni. Dereva aliyepewa saa chache za kumwonyesha mteja wake simba hana subira ya dereva aliyepewa siku tatu. Mgeni wa aina hiyo akianza kuletwa delta kutafuta papa potwe au nguva, papara itakuwa ileile, ila itafanyika majini, ambako rafadha ya injini hukata.

Somo la sokwe

Mbinu ya kuuza kidogo kwa bei kubwa imejaribiwa katika ukanda huu, na matokeo yake yanaonekana. Sokwe wa milimani, yaani gorila, walikuwa takriban 254 katika safu ya Virunga mwaka 1981. Sensa ya mwaka 2015 na 2016 iliwakuta 604 katika milima hiyo ya Rwanda, Uganda na Kongo, na ile ya Bwindi ya mwaka 2018 ikawakuta 459, jumla 1,063. Novemba 2018 IUCN iliwashusha daraja moja la hatari, jambo linalotokea kwa nadra sana kwa mnyama mkubwa.

Utaratibu wake unaeleweka hata kwa mtoto wa shule. Kila familia ya gorila hutembelewa na wageni wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja tu, na mgonjwa wa mafua haruhusiwi kupanda mlima. Rwanda iliongeza bei ya kibali kwa mgeni kutoka Dola 750 hadi Dola 1,500 za Marekani mwaka 2017, na mwaka huohuo ikaongeza mgawo wa jamii zinazozunguka hifadhi kutoka asilimia tano hadi asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi. Uganda nayo inatenga asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa ajili ya wilaya jirani, na tangu Julai 2024 kibali chake kwa mgeni wa nje ni Dola 800. Raia wa nchi hizo huwekewa bei yao, ili urithi wao usigeuke kuwa kitu cha kuangaliwa kwenye televisheni.

Tanzania yenyewe si mgeni wa utaratibu huu. Gombe, mkoani Kigoma, ambako mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliwaua na kuwalemaza sokwe kadhaa, wageni hupelekwa kwa makundi madogo, kwa muda wa saa moja, na watoto wadogo hawaruhusiwi. Ina maana kuwa nchi inao ujuzi wa kumwekea mgeni mipaka. Ni ujuzi ambao haujashushwa kutoka milimani kuja mikokoni.

Ni kweli, lipo onyo katika hadithi hii. Mwaka 2020 ugonjwa wa Covid-19 ulipofunga anga, watalii waliofika Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 hadi takriban 620,000. Bwindi ilikaa bila wageni, na Juni mwaka huo gorila dume mashuhuri aliyeitwa Rafiki akauawa kwa mkuki na jangili. Jamii inayohifadhi kwa sababu tu mgeni analipa, itaacha kuhifadhi siku mgeni asipokuja. Kwa hiyo utalii wa delta hauwezi kuwa mguu pekee. Uvuvi na mpunga vitabaki kuwa uti wa mgongo, na kanuni za utalii lazima ziviheshimu.

Deni la zamani

Anayekwenda Mbuchi na mradi wowote wa uhifadhi anapaswa kujua kuwa anakuta kumbukumbu. Mikoko ya Rufiji imekuwa msitu wa serikali tangu enzi za Wajerumani, na mwaka 1987 uvunaji wake ulipigwa marufuku nchi nzima kabla ya mpango wa usimamizi kuandaliwa. Miaka ya 1990 ulikuja mradi mkubwa wa kufuga kamba, uliokusudiwa kuchukua takriban hekta 10,000 za delta. Wakazi wengi waliupinga, wengine wakafika hadi Mahakama Kuu, na mwishowe mradi haukutekelezwa. Katika simulizi za delta, "maendeleo" ni neno linalokuja na mipaka mipya.

Kisha wapo wanyama wenyewe. Warufiji hulinda mpunga wao wakilala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kufukuza nguruwe pori. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 30 katika wilaya ya Rufiji, ambayo wakati huo ilijumuisha Kibiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba nchini tangu mwaka 1990, wengi wakiwa wakulima wa kusini katika msimu wa mavuno. Mamba na kiboko nao hawajaacha kudai kodi yao. Serikali hutoa kifuta jasho na kifuta machozi, lakini jina lenyewe linakiri kuwa hiyo si fidia.

Wilaya hiyo pia ilipitia kipindi kigumu cha mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi mwaka 2016 na 2017, hali iliyowafanya wageni na wawekezaji kuikwepa. Na mwaka 2024, Aprili ikaleta mafuriko yaliyofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, katika mwaka uleule ambao Bwawa la Umeme la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha. Namna maji na tope vitakavyogawanywa na bwawa hilo ndiyo itakayoamua afya ya mikoko na ya kamba kwa miaka ijayo, kuliko boti yoyote ya watalii.

Kwa muktadha huo, kumwambia mkazi wa Mbuchi amwache nguva kwa sababu mnyama huyo ni adimu duniani ni nusu ya hoja. Nusu ya pili ni kumwonyesha atapata nini, lini na kwa mkono wa nani.

Kanuni zinazowezekana

Zipo hatua ambazo hazihitaji kusubiri sheria mpya ya Bunge. Ya kwanza ni kukubaliana kuwa nguva si kivutio. Papa potwe huja juu kula na anaweza kutazamwa na watu wachache kwa utulivu. Nguva ni mwoga, wamebaki wachache mno, na kumtafuta kwa boti ni kumfukuza kwenye malisho yake. Mgeni aelezwe wazi kuwa anachangia kumhifadhi mnyama ambaye huenda asimwone kabisa.

Hatua ya pili ni idadi. Boti ngapi kwa papa mmoja, waogeleaji wangapi kwa wakati mmoja, umbali gani kutoka kwenye mwili na mkia, mwendo gani wa injini: mambo haya yamezoeleka katika miongozo ya nchi zinazopokea wageni wa papa potwe, na waendesha boti wa Mafia hawayasikii kwa mara ya kwanza. Kinachotakiwa ni kuyageuza kutoka ombi la hiari kuwa sharti la leseni, linalotumika pande zote mbili za Mkondo wa Mafia. Kilindoni ikibana na Nyamisati ikalegeza, mwendesha boti mkorofi atahamia Nyamisati.

Tatu ni mgawo. Wilaya ya Rufiji ina mfano wa jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, ikiwemo MUNGATA ya Ngarambe na Tapika, na JUHIWANGUMWA ya Ngorongo, Utete na Mwaseni, zilizotokana na Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998. Jumuiya hizi zimekuwa na matatizo yake, hasa ucheleweshaji wa mgawo na mzigo wa makato, lakini zimejenga msingi kuwa kijiji ni mbia. Kwenye delta, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, vinaweza kupewa jukumu kama hilo: kusajili waongoza wageni kutoka vijijini, kukusanya ada na kuisoma hadharani kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Mfano mdogo upo Mafia. Huko wanakijiji wanaotoa taarifa za viota vya kasa hupewa motisha, na wageni hulipia kushuhudia vifaranga vikiteremka baharini, sehemu ya fedha ikibaki kijijini. Yai la kasa lililokuwa kitoweo limekuwa na thamani likiwa ndani ya mchanga. Siri ya mpango huo ni wepesi wake: mtoa taarifa anaijua ahadi, na ahadi hutimizwa mapema.

Nne, na ngumu kuliko zote, ni nyavu. Hatari kubwa kwa nguva na kwa papa potwe katika maji haya ni jarife na nyavu za kuzungushia, si kamera. Kanuni ya utalii isiyogusa uvuvi itakuwa sawa na kufagia uwanja huku paa linavuja. Lakini mvuvi hawezi kuambiwa atoe jarife bure. Ada ya wageni ingeweza kuanzia hapo, kwa kubadilishana zana na kumlipa mvuvi anayekata wavu wake ili papa atoke hai.

Vivutio vingine vipo

Wapo watakaouliza, ikiwa nguva haonyeshwi na papa wana kikomo, mgeni atafuata nini Mbuchi? Jibu ni kwamba delta ina mambo mengi yasiyoumia kwa kutazamwa. Ndege wa majini wanaohama kutoka Ulaya na Asia hutua kwenye matope yake. Njia za maji zilizopita katikati ya mikoko zinaweza kutembelewa kwa mtumbwi wa kasia, bila injini wala kelele. Katika maji haya ndimo manowari ya Kijerumani ya Königsberg ilikojificha mwaka 1914 hadi ilipoangamia Julai 1915, na upo wasomaji wengi wa historia duniani ambao wangelipa nauli kuona mahali hapo. Kilimo cha mpunga wa kufuata maji, uchongaji wa mitumbwi na mapishi ya kamba ni mali ya wenyeji ambayo haihitaji kibali cha wizara.

Utalii wa namna hiyo hauna faida ya haraka. Hoteli haitajengwa kesho, na kijana wa Mbuchi anayehitaji ada ya mtoto wiki hii hataridhishwa na ahadi ya msimu ujao. Ndiyo maana papara ni hatari: mwekezaji wa kwanza atakayefika na boti tano za mwendo kasi atapokewa kwa vigelegele, na haitakuwa haki kuwalaumu wanaompokea. Lawama itawaendea waliokuwa na miaka ya kuandaa kanuni na hawakuziandaa.

Ofisi nne zilizotajwa hapo juu, pamoja na halmashauri za Kibiti, Mafia na Kilwa, zinaweza kukaa meza moja. Zimewahi kufanya hivyo chini ya programu ya bahari ya RUMAKI, iliyounganisha Rufiji, Mafia na Kilwa. Waraka mmoja wa pamoja, wenye idadi ya boti, umbali, ada, mgawo na jina la msimamizi, ungetosha kuanzia. Usimamizi wa Gombe na ule wa gorila haukuanza na majengo. Ulianza na watu wachache waliokubaliana kuhesabu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ni methali nzuri, lakini ina mwenyeji wa tatu ambaye haikumtaja. Huyo yuko chini ya maji, anakula nyasi, na huja juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache. Siku daraja la Mbuchi litakapoanza kupitisha magari ya watalii, naye ana haki ya kupanda juu bila kukuta boti imemzingira.